Seva Moja, Watu Wangapi?

Leo nasema na wewe unayefungua ofisi mpya, au uliyeifungua zamani kidogo na sasa kazi imekua, kompyuta zimeongezeka, mafaili yametawanyika kwenye flashi na kwenye simu za watu, na umeamua kununua seva ya kwanza ya ofisi. Muuzaji amekuletea profoma. Umeona bei ya mashine, bei ya Windows Server, UPS, kabati la kuifungia, nyaya na ufundi. Chini kabisa pana jumla. Kabla hujatia saini, ipitie tena karatasi hiyo na utafute mstari mmoja: leseni za kuitumia seva, idadi yake na aina yake. Kama mstari huo haumo, bado hujaambiwa bei kamili.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu linawakuta watu wenye nia njema. Mtu analipa fedha yake halali, anapewa risiti halali, anaamini ofisi imekaa sawa, kumbe amenunua nusu. Nusu ya pili anaisikia baadaye sana: siku anapofunga programu mpya, siku mfadhili anapotuma mkaguzi, au siku kampuni inapouzwa na mnunuzi anaomba kuziona hati za leseni. Wakati huo bajeti ya kompyuta imekwisha, na aliyemuuzia pengine hapatikani tena kwenye simu. Basi hiyo nusu ya pili tuiangalie leo kwa utulivu, wakati bado una nafasi ya kupanga.

Tuanze na msingi. Windows Server ni mfumo endeshi wa seva kutoka Microsoft. Huuzwa kwa leseni za aina mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni leseni ya seva yenyewe, yaani ruhusa ya kuiweka programu kwenye mashine na kuiendesha. Ya pili ni ruhusa ya mtu au kifaa kuitumia seva hiyo: kufungua faili lililohifadhiwa humo, kuchapisha kupitia humo, kuingia kwenye kompyuta kwa jina na neno la siri ambalo seva ndiyo inayolithibitisha. Hii ya pili mafundi huiita kwa herufi tatu, CAL. Mimi katika mazungumzo haya nitaiita leseni ya kuingilia.

Klabu ya mpira ikikodi Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa mechi, kodi ile haimwingizi shabiki hata mmoja. Kila anayepita getini anapita na tiketi yake. Ndivyo ilivyo hapa. Umelipia mashine na programu. Kila anayeitumia anahesabiwa peke yake.

Zamani sanduku la Windows Server lililouzwa dukani liliweza kuja na leseni tano za kuingilia ndani yake, na huenda hapo ndipo mazoea ya kudhani kwamba zimo yalipoanzia. Hata leo zipo pakiti zinazouzwa zikiwa na leseni chache ndani. Lakini kwa kawaida leseni hizi hununuliwa kando. Usidhani, soma kilichoandikwa.

Sasa, upande wa mashine una hesabu yake, nami nitaipitia haraka ili tusiichanganye na ile ya watu. Tangu toleo la 2016, leseni ya seva huhesabiwa kwa viini vya prosesa, yaani zile sehemu ndani ya prosesa zinazofanya kazi kila moja kivyake. Kuna viwango viwili vya chini: kila prosesa huhesabiwa angalau viini 8, na kila seva angalau viini 16. Kwa hiyo ukinunua seva ndogo yenye prosesa moja ya viini 8, bado utalipia 16. Ukinunua yenye prosesa mbili za viini 10 kila moja, utalipia 20, yaani pakiti ya 16 na pakiti mbili za viini viwili viwili. Kwa toleo la 2022, bei aliyotangaza mtengenezaji ilikuwa dola za Marekani 1,069 kwa daraja la Standard la viini 16, na dola 6,155 kwa daraja la Datacenter. Tofauti kubwa kati ya hayo mawili ni mashine pepe, yaani seva za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya mashine moja: Standard inakupa haki ya kuendesha mbili juu ya seva moja, Datacenter haina ukomo. Ofisi ya watu ishirini au hamsini kwa kawaida itatoshwa na Standard.

Lakini hesabu hiyo yote ya viini haisemi lolote kuhusu watu. Seva ya viini 16 inaweza kuhudumia watu kumi au watu mia mbili, na bei ya upande wa mashine ikabaki ileile. Kinachopanda na kushuka ni leseni za kuingilia. Na leseni hizi hazifungwi kwenye seva moja. Mtu mwenye leseni yake anaweza kuzitumia seva zote za Windows Server za taasisi yake, mradi toleo linaruhusu. Mwaka kesho ukiongeza seva ya pili, utalipia mashine na viini vyake, lakini hutawanunulia upya watu walewale.

Leseni ya kuingilia ina sura mbili, na uchaguzi kati yake ndiyo sehemu yenye fedha nyingi zaidi kwa ofisi ndogo. Kuna leseni ya mtumiaji na leseni ya kifaa. Leseni ya mtumiaji inamfuata mtu: anaweza kuitumia seva kwa kompyuta ya mezani, kwa kompyuta mpakato, kwa simu, kwa kifaa chochote. Leseni ya kifaa inakifuata kifaa: kompyuta ile ikishapewa leseni, yeyote anayekaa mbele yake ameruhusiwa.

Chukua kituo cha afya chenye zamu tatu. Mapokezi pana kompyuta moja. Saa moja asubuhi dada wa zamu ya usiku anafunga hesabu ya mapato, anatoka kwenye mfumo, anasimama. Mwenzake anaketi kwenye kiti kilekile, anaandika jina lake na neno lake la siri, anamwita mgonjwa wa kwanza. Saa nane mchana anaingia wa tatu. Kiti kimoja, kibodi moja, watu watatu kwa siku, na ukiwahesabu walio mapumziko, watano. Hivyohivyo maabara, hivyohivyo dirisha la dawa, hivyohivyo chumba cha sindano. Tuseme kituo kina kompyuta 12 na wafanyakazi 34 wanaozitumia. Kwa leseni za mtumiaji utahitaji 34. Kwa leseni za kifaa utahitaji 12. Hata zikiuzwa kwa pakiti za tano tano, utachukua pakiti tatu, na zitabaki tatu za akiba. Umetumia chini ya nusu, na uko ndani ya masharti kabisa.

Sasa njoo karibu na bandari ya Dar es Salaam, kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Wafanyakazi ni 15. Kila mmoja ana kompyuta mezani, ana kompyuta mpakato anayokwenda nayo bandarini, na ana simu anayofungulia nyaraka zilezile zilizo kwenye seva. Vifaa ni 45, watu ni 15. Hapa leseni ya kifaa itakuumiza. Chukua 15 za mtumiaji, na kila mtu atafanya kazi popote alipo.

Kanuni yake basi ni nyepesi: watu wakiwa wengi kuliko vifaa, elekea leseni za kifaa, vifaa vikiwa vingi kuliko watu, elekea leseni za mtumiaji. Na unaruhusiwa kuchanganya. Kile kituo cha afya kinaweza kuwa na leseni 12 za kifaa kwa kompyuta za zamu, na mbili za mtumiaji kwa mganga mfawidhi na mhasibu wanaofanya kazi hata wakiwa nyumbani. Sharti ni kwamba kila seva inapotumika, ama mtu yule awe na leseni, ama kifaa kile kiwe nayo. Ndiyo maana muuguzi akianza kuufungua mfumo wa wagonjwa kwa simu yake mwenyewe, hesabu yako ya vifaa 12 imekwisha kuvurugika, hata kama hakuna aliyekutaarifu. Weka utaratibu wa ofisi unaosema wazi ni vifaa gani vinaruhusiwa kuunganishwa.

Mfanyakazi akiacha kazi je? Leseni yake haiondoki naye. Unaihamishia moja kwa moja kwa anayemrithi. Akienda likizo au akiugua, anayemshikia nafasi anaweza kuitumia kwa muda huo. Kisichoruhusiwa ni kuizungusha leseni moja kwa watu watano kila siku, asubuhi huyu, mchana yule. Kwa hali hiyo leseni ya kifaa ndiyo jibu halali.

Sasa tuje kwenye swali ambalo huleta mabishano: nani hasa anahesabiwa? Kuna njia tatu ambazo watu huipunguza hesabu kwa makosa.

Ya kwanza ni akaunti ya pamoja. Ofisi inafungua jina moja, tuseme "mapokezi", watu sita wanalitumia, na inahesabiwa leseni moja ya mtumiaji. Hapana. Wanaohesabiwa ni watu, na jina wanaloingilia halibadilishi idadi yao. Watu sita ni watu sita. Tena akaunti ya pamoja ina ubaya mwingine mkubwa kuliko wa leseni: fedha ikipotea au rekodi ya mgonjwa ikifutwa, hutajua ni nani aliyefanya.

Ya pili ni programu ya katikati. Mfumo wako wa kuuza unaongea na hifadhidata kwa jina moja tu, na makeshia ishirini wanaupitia mfumo huo bila kuigusa hifadhidata moja kwa moja. Microsoft ina kanuni ya wazi juu ya hili: kupitia programu au kifaa cha katikati hakupunguzi idadi ya leseni zinazotakiwa. Wanahesabiwa makeshia wote ishirini.

Ya tatu ni huduma zisizoonekana. Seva yako ikiwa ndiyo inayogawa anwani za mtandao kwa vifaa vya ofisi, kifaa kinachopokea anwani kutoka kwake kinaitumia seva. Printa kubwa ya korido imo, skana imo. Hapa leseni za mtumiaji zinakusaidia, kwa sababu ikiwa kila anayeitumia printa ile ana leseni yake, printa haihitaji ya peke yake. Lakini kama ofisi inahesabu kwa vifaa, na printa inapata anwani kwenye seva, ihesabu. Njia nyingine ni kuiachia ruta kazi ya kugawa anwani. Ni jambo la nusu saa kwa fundi, na linaondoa mzozo mzima.

Kwa upande mwingine, wapo wasiohesabiwa. Mlinzi na mhudumu wasiogusa kompyuta hawahitaji leseni. Watu wawili wanaoingia kwenye seva kwa ajili ya kuisimamia tu wamesamehewa. Na wageni wa intaneti wanaosoma tovuti yako ya hadharani, iliyo kwenye seva yake yenyewe, hawahitaji leseni moja moja. Wateja au wanachama wa nje wanaoingia kwenye mfumo wako wa ndani ni habari nyingine. Kwa ajili yao ipo leseni maalumu inayowafunika watu wa nje wote kwa seva moja, na ni vizuri kumuuliza muuzaji kabla hujaufungua mlango huo.

Kumbuka pia kwamba Windows Server ni ngazi ya chini tu. Ikiwa mfumo wako unahifadhi data kwenye SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, daraja la Standard lililonunuliwa kwa mtindo wa seva na leseni za kuingilia, watu walewale wanahitaji leseni za SQL Server pia, kando. Unaweza kununua SQL Server kwa viini badala yake, na hapo watu hawahesabiwi tena, ila bei ya kuanzia ni kubwa zaidi. Na lipo toleo la Express lisilolipiwa, lenye mipaka ya ukubwa wa data, ambalo kwa ofisi inayoanza mara nyingi linatosha. Muulize aliyekuuzia mfumo anatumia lipi. Ni swali fupi, na jibu lake linaweza kubadilisha bajeti yako yote.

Mpenzi msikilizaji, sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo haya. Leseni ya kawaida ya kuingilia haifungwi kwenye seva kama programu. Hakuna mahali ambapo fundi anaandika namba yake ndipo watu waweze kuingia. Ni haki iliyo kwenye karatasi, au kwenye akaunti ya manunuzi. Ukinunua leseni tano na watu hamsini wakaitumia seva, seva itawahudumia wote hamsini, leo na kesho na mwaka ujao, bila onyo wala taa nyekundu. Kwa hiyo fundi asiyejua, au anayejua na kunyamaza, anakwambia: "Si unaona inafanya kazi?" Ni kweli inafanya kazi. Lakini kufanya kazi ni suala la ufundi, na kuruhusiwa ni suala la mkataba. Mkataba unakubaliwa siku ile programu inapowekwa, kwa jina la ofisi yako. Jina la fundi halimo.

Ipo sehemu moja ambapo seva hainyamazi, nayo inawagusa watu wengi siku hizi. Ni pale watumiaji wanapoingia kwenye seva yenyewe kwa mbali na kufanya kazi ndani yake, kwa huduma iitwayo Remote Desktop Services. Ofisi ina makao makuu Dar es Salaam na tawi Mbeya. Tally, programu ya uhasibu, imewekwa kwenye seva ya Dar, na wahasibu wa Mbeya wanaifungua kwa intaneti kana kwamba wamekaa Dar. Matumizi haya yanadai leseni ya ziada, juu ya ile ya kawaida. Anayehitaji hiyo ya ziada lazima awe na ya kawaida pia. Na Tally yenyewe ina leseni yake ya mtumiaji mmoja au watumiaji wengi. Hiyo ni hesabu ya tatu.

Hapa seva inahesabu kwa kweli. Ukiweka huduma hiyo unapewa siku 120 za kuandaa leseni. Katika siku hizo kila kitu kinakwenda vizuri, fundi amelipwa, ameondoka, watu wamezoea. Miezi minne ikipita, mhasibu wa Mbeya anafungua kompyuta asubuhi, pengine ni mwisho wa mwezi na ritani za kodi zinasubiriwa, na badala ya Tally anakuta ujumbe kwamba hakuna seva ya leseni ya kumpa ruhusa. Anapiga simu Dar. Dar wanamtafuta fundi. Watu wanadhani seva imeharibika, kumbe ni nzima kabisa, imefikia tu mwisho wa muda wake wa matazamio. Wapo mafundi wanaojua njia ya kuurudisha nyuma muda huo kwa kuchezea mipangilio ya ndani. Usikubali. Umekwisha kuambiwa na mashine yenyewe kwamba leseni inahitajika, na baada ya hapo huna tena utetezi wa kutojua.

Tena kuna mtego mwingine hapohapo. Ofisi ndogo nyingi hazina Active Directory, ule mfumo wa kusimamia majina yote ya watumiaji mahali pamoja. Kila kompyuta inajitegemea. Katika hali hiyo leseni za Remote Desktop za mtumiaji hazifanyi kazi inavyotakiwa. Kuanzia toleo la 2019, mtu huingia, kisha anaonywa kwamba kuna tatizo la leseni na kwamba atatolewa baada ya dakika 60. Kwa ofisi ya namna hiyo, ama weka Active Directory kwanza, ama nunua leseni za kifaa. Wapo watu walionunua leseni halali kabisa wakakwama kwa sababu hawakuambiwa jambo hili moja.

Neno juu ya matoleo. Leseni ya kuingilia huangalia nyuma, haiangalii mbele. Leseni ya toleo la 2025 inakuruhusu kuitumia seva ya 2025, ya 2022, ya 2019 na za kabla yake. Leseni ya 2019 haikuruhusu kuitumia seva ya 2022. Kwa hiyo ukinunua seva iliyotumika yenye Windows Server 2016, ambayo muda wake wa kupewa marekebisho ya usalama unaishia Januari 2027, usinunue leseni za zamani kwa kuwa tu ni za bei nafuu. Nunua za toleo jipya. Zitaifunika seva ya leo, na utakapoibadilisha hutaanza upya. Na ukiona mtu anauza namba ya uanzishaji kwa bei ya kutupa kwenye intaneti, jua kwamba namba inayokubaliwa na mashine si leseni. Leseni ina hati na ina mnyororo wa manunuzi unaoweza kufuatiliwa.

Sasa najua yupo anayesema: gharama hizi ni kubwa kwa ofisi ya watu wanane. Ni kweli, na ndiyo maana ni lazima ujue kwamba zipo njia nyingine halali. Kwanza, Microsoft yenyewe ina toleo la Windows Server Essentials, lililotengenezwa kwa ofisi ndogo: hadi watumiaji 25 na vifaa 50, bila leseni za kuingilia kabisa. Toleo la 2022 huuzwa pamoja na mashine na linakubali prosesa moja isiyozidi viini 10. Ofisi nyingi zinazonunua Standard zingetoshelezwa na hili. Muulize muuzaji kwa nini hakulitaja.

Pili, ikiwa ofisi yako inalipia Microsoft 365, angalia mpango wako ni upi. Mipango ya makampuni makubwa ya E3 na E5 ina haki ya kuitumia Windows Server ndani yake. Business Premium, ambayo ofisi ndogo nyingi huichukua, haina haki hiyo. Majina yanafanana, haki hazifanani.

Tatu, kuna Linux. Seva ya Debian au Ubuntu yenye programu ya Samba inaweza kuhifadhi mafaili na kuzihudumia kompyuta za Windows bila leseni ya kuingilia hata moja, iwe watu watano au mia tano. Samba ilianzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, na tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012 inaweza hata kushika nafasi ya seva ya Active Directory. Gharama yake iko mahali pengine: unahitaji fundi anayeijua, na unahitaji kuhakikisha kwamba programu zako za biashara zinakubaliana nayo. Kama unaye fundi wa namna hiyo ofisini, fedha uliyotaka kulipia leseni mlipe yeye.

Ninazitaja njia hizi kwa sababu sitaki mtu asikie mazungumzo haya akadhani kuna mambo mawili tu, kulipa sana au kuiba. Sheria zetu zinalinda programu za kompyuta kama zinavyolinda kitabu na muziki. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, taasisi ya hakimiliki. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Kenya wana yao ya mwaka 2001. Nasi tunao vijana hapahapa, Dar, Arusha, Nairobi, wanaoandika mifumo ya hospitali, ya SACCOS na ya shule, na wanaolia kila siku kwamba kazi yao inanakiliwa bila malipo. Hatuwezi kuwatetea hao huku tukiendesha ofisi zetu kwa leseni tano kwa watu hamsini. Heshima ya kazi ya programu ama tunayo, ama hatuna.

Basi ufanye nini wiki hii? Kabla hujamwita muuzaji, chukua karatasi uandike safu tatu. Safu ya kwanza, majina ya watu wote watakaoitumia seva, wakiwamo wa muda na wa mazoezi. Ya pili, vifaa vyote: kompyuta, simu za kazi, printa, skana. Ya tatu, programu zitakazokaa kwenye seva, na nani atazifungua kwa mbali. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, mazungumzo na muuzaji yanabadilika, kwa sababu sasa ni wewe unayejua ukubwa wa ofisi yako.

Kisha muulize haya, na majibu yaandikwe kwenye profoma. Ni toleo gani na la mwaka gani? Mashine ina viini vingapi na umevilipia vingapi? Leseni za kuingilia ni ngapi, za mtumiaji au za kifaa, na kwa nini? Je, Remote Desktop itatumika, na leseni zake ziko kwenye mstari upi? Hifadhidata ni ipi na inahesabiwa vipi? Je, Essentials isingetosha? Muuzaji anayeijua kazi yake atayafurahia maswali haya. Anayekasirika amekusaidia kujua kwamba uende kwa mwingine. Kuuliza si ujinga, na hapa kunaokoa fedha.

Ukishanunua, tunza hati. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na leseni ya kuingilia ni mali isiyoonekana kabisa isipokuwa kwenye daftari. Weka faili moja lenye risiti, hati za leseni, idadi, toleo na orodha ya waliopewa. Nakala yake akae nayo mkurugenzi, siyo mtu wa IT peke yake, maana mtu wa IT naye huhama. Kila mnapoajiri, mwenye faili aulizwe kwanza: leseni ya huyu ipo? Kila anapoondoka mtu, jina libadilishwe. Ni kazi ya dakika tano, na ikifanywa hivyo hakuna mkaguzi atakayekutisha.

Mwenye ofisi hahitaji kuwa fundi wa kompyuta. Anahitaji kuwajua watu wake, idadi yao na jinsi wanavyofanya kazi, na hilo hakuna muuzaji anayeweza kulijua kuliko yeye. Wahesabu hao kwanza. Mashine uichague baadaye.